Bakuli Lililolazwa Kwenye Maranda

Mpendwa Shangazi,

Tangu uolewe na kuhamia Sumbawanga, banda lako hapa Mpuguso bado linanukia mbao mbichi. Mvua ikinyesha mfululizo, harufu hiyo hufika hadi sebuleni, nami hukukumbuka ukiwa mbele ya mashine ya kukerezea, maranda yamekujaa kwenye nywele, unaimba sauti ya pili ya kwaya kana kwamba ya kwanza ipo.

Unakumbuka bakuli langu la kwanza? Nilisukuma patasi hadi kitako kikatoboka. Nilikaribia kulia, lakini Bibi alilinyanyua, akanichungulia kupitia lile tundu, akasema, "Hili ni la Kwaresima. Tutakuwa tunafunga nalo." Ulicheka mpaka ukazima mashine.

Shangazi, Baba alitaka kuing'oa mashine hiyo. Ng'ombe amezaa, na ndama anahitaji mahali pakavu. Nilimwomba aniache nikereze bakuli moja zima, aone kwamba kazi yako haikuondoka nawe. Alikubali, ila likizo ikiisha bila bakuli, banda ni la ndama.

Nilipata kipande cha mringaringa ulioangushwa na upepo kule Lupepo. Nilikikereza kikiwa kibichi, nikaacha kingo nene kama ulivyonifundisha, kisha nikalilaza bakuli ndani ya gunia la maranda yake lenyewe likauke polepole. Ulizoea kuniambia kwamba mti uliokunywa mvua zetu miaka yote hauwezi kuzisahau kwa siku mbili.

Baba aliona siku zinakwisha. Bila kuniambia, alilitoa kwenye gunia akalitundika juu ya mafiga, pale anapokaushia mahindi ya mbegu. Alitaka kunisaidia tu. Tulikuwa tunakula ndizi lilipolia pa, likapasuka kutoka ukingoni hadi kitakoni. Kila mtu aliacha kutafuna. Ndipo Bibi akamuuliza Baba, kwa upole kabisa, kama alitarajia liote kama mbegu zake.

Kesho yake Baba alikwenda Lupepo mwenyewe, akarudi amelowa, gogo liko begani.

"Kereza, mwanangu," aliniambia. "Ndama nitamjengea nyuma ya jiko."

Nilikereza naye akiwa mlangoni, akiuliza kwa nini patasi hii na si ile, na kwa nini nisiegemee mashine. Nilimjibu yote. Nadhani nilikuwa mkali kidogo, kama wewe.

Bakuli hilo la pili sasa limo kwenye gunia. Shule inafunguliwa Jumatatu, na halitakuwa limekauka. Linaweza kupasuka hata hivyo, ingawa moyo wangu unaniambia litapona. Lakini kila asubuhi Baba akishamwamkia Bibi, hupita bandani, huweka kiganja juu ya gunia na kuniuliza, "Limeamkaje?"

Nami humjibu kwamba limeamka salama.

Nakukumbatia kutoka huku kwenye baridi,

Binti wa kaka yako