Muluzi ya Motere

Yaya Feza, dada yangu mukubwa, usikasirike kama kadi hii imekawia. Mutoto haniachilie hata mukono moja ya kuandikia.

Tangu tutoke Kolwezi kwenda Mutshatsha, kila mulima jeep ilipiga muluzi na kuishiwa nguvu. Shofere wetu, Tata Ilunga, akaniambia: «Mama, nyamazisha mutoto.»

«Tata, mutoto iko analala. Ni motere yako ndiyo inalia.»

Kweli, akasimamisha jeep akaona mupira ya kupitisha hewa ya turbo ilipasuka. Akaifunga na kitenge yangu ya kubebea, muluzi ikaisha, na papo hapo mutoto akaamka kulia.

«Mama, niifungue tena?»

«Hapana, tata. Wewe piga muluzi.»

Akapiga mpaka Mutshatsha, na mutoto akalala.

Tunakuwaza sana, yaya. Unitumie kitenge ingine ya kubebea, sabuni, na mafuta ya midomo kwa Tata Ilunga.