Redio ya Heche na Masikio ya Nchagwa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeifungua ile redio ya Heche. Ya zamani, sanduku la mbao, kubwa kama kreti ya soda. Jirani yetu huyu alikuwa ameitupa bandani, kuku wakatagia humo mpaka wakaangua. Nimekuta manyoya, maganda ya mayai na panya mmoja mkavu. Waya zimeliwa. Spika imetoboka. Nimefurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Heche kasema, shemeji, ukishindwa ifanye kuni. Nikamwambia kuni zangu zipo.

Mwanangu Nchagwa alikuwa mgongoni muda wote. Analala hapo hapo, mimi nachomelea waya, na kile kiredio changu kidogo kinakoroma. Huwa nakiwasha asubuhi kabla hata ya kushika bisibisi. Kinashika stesheni mbili kwa pamoja, moja ya kwetu moja ya Kenya, katikati ni shhhh tu. Siwezi kufanya kazi kukiwa kimya. Mjomba wangu wa Sirari aliyenifundisha alikuwa hivyo hivyo.

Hainiingizii kitu kazi hii. Naipenda tu.

Mama alipita mlangoni akasema jiko lake limekuwa gereji. Kweli lilikuwa jiko lake, kabla hatujajenga lile la bati. Lakini alisema huku anacheka.

Alhamisi, 5 Juni

Kliniki. Uzito mzuri. Sijui nianzie wapi.

Nesi Laurensia, yule mgeni kutoka Bukoba, aliweka simu nyuma ya kichwa cha Nchagwa akapiga wimbo. Hakugeuka. Akahamia upande wa pili. Hakugeuka. Akaongeza sauti mpaka benchi lote likageuka, mtoto wangu anatafuna kanga.

Halafu ule mgodi wa dhahabu wa jirani ukalipua mwamba, kama kila siku. Nesi aliruka, kadi zikamwagika chini. Nchagwa hata hakupepesa.

Nesi akanitazama. Akauliza kwa upole, mama, nyumbani huwa anasikia?

Nilitaka kusema ndiyo. Nikajaribu kukumbuka ni lini nilimwita kabla ya kumshika, au kabla hajaniona. Sikukumbuka. Yuko mgongoni kwangu siku zote. Mtu wa mgongoni unamwitia nini?

Turudi baada ya wiki mbili. Ikiwa hivi hivi ataandika twende Tarime mjini wakampime na mashine.

Njiani sikulia. Nimelia nilipofika.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemjaribu. Nimemkalisha chini kwenye jamvi, nikawasha kiredio nyuma yake. Hakuna. Nikaongeza. Hakuna. Nikaunga spika kubwa, ile ya gari, mbwa wa Heche wakaanza kubweka. Yeye anavuta uzi wa jamvi, ametulia kama mzee wa kikao.

Wifi Tabitha alikuwepo. Binti mkubwa wa Mama, ameolewa Nyakunguru, kaja kusalimia. Akasema unashangaa nini, mtoto amelelewa kwenye moshi wa risasi ya kuchomelea na waya, masikio yatapona wapi? Ujauzito wote huyu alishinda amekumbatia maredio. Hakuniambia mimi. Alimwambia Mama, mimi nimesimama pale.

Mama akaendelea kuchambua mboga. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa Mama aliniita ndani. Akaanza mbali. Kwamba alizaa mabinti tu, wote wakaolewa, mume akafa. Kwamba ng'ombe wa mahari alionitolea aliwapata kwa shida, watu wakamcheka kwamba bibi kizee anaoa. Najua yote hayo. Mimi ndiye niliyeolewa, nimzalie mrithi kwa desturi yetu ya Kikurya, na Nchagwa ndiye mwenye nyumba hii. Jina lenyewe ni la mume wake.

Halafu akasema: Nice, lile jiko lifunge. Siyo kwamba nakulaumu. Lifunge tu tuone.

Nimelifunga. Funguo nimempa yeye. Redio ya Heche imebaki humo matumbo nje.

Akasema pia mtoto asijaribiwe tena na mtu yeyote. Amechoka kuwaona watu wanampigia makofi mjukuu wake kama wanafukuza kunguru.

Jumatano, 11 Juni

Nchagwa halali. Homa hana, sikio halitoi usaha, ziwa ananyonya. Anahangaika tu mgongoni, analia, anashika nywele zangu.

Nyumba kimya.

Ijumaa, 13 Juni

Bado. Mchana hakulala hata kidogo. Mama kambeba, kambembeleza, kamwimbia nyimbo za Kikurya za kukamulia ng'ombe, maana hizo ndizo anazojua. Wapi.

Mimi naye tumevimba macho. Jioni akanitupia funguo juu ya unga niliokuwa napepeta. Akasema nenda kamalizie redio ya watu, Heche asije akasema tumeila.

Heche hajawahi kuiulizia. Sikumkumbusha hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike vizuri, nisiruke kitu.

Asubuhi nilifungua jiko, Nchagwa mgongoni analia. Nikapiga msasa sanduku. Ubao wa nyuma ulioliwa na mchwa nikautoa, nikapiga randa kipande cha mninga nilichookota kwa mafundi wa kanisa, kikakaa kama kimezaliwa nacho. Spika nimeweka ya redio nyingine. Waya nimebadili zote. Mtoto analia tu.

Nikaunga betri ya sola. Nikazungusha kitufe. Kwanza hakuna. Halafu — shhhhh. Nzito, nzuri, kama mvua iko Serengeti inakuja.

Nchagwa akanyamaza.

Nikasema kachoka. Akaweka shavu mgongoni, nikasikia anapumua mzito. Usingizi! Wiki nzima hajalala hivyo. Nikawa nachomelea polepole nisimtikise.

Halafu waya wa betri ukachomoka. Nilikuwa sijaukaza. Redio ikafa.

Kichwa kikainuka mgongoni kwangu.

Nikaurudisha waya. Shhhh. Kichwa kikashuka. Nikauchomoa. Kikainuka. Nikajiambia, Nice, usijidanganye, labda unatikisika wewe. Nikamshusha, nikamlaza kwenye gunia, kanipa mgongo, nikasimama mbali nikauvuta waya kwa kamba. Redio ikazima. Nchagwa akageuka. Akaitazama redio. Akakunja uso, kama anauliza nani kazima.

Nikamwita Mama. Nadhani nilipiga kelele, maana alikuja na mwiko mkononi.

Akaniambia nimchezee mtu mwingine. Nikamwomba ampakate yeye, amuelekeze mlangoni, mimi nitazima bila kusema lini. Nikazima. Nchagwa akajipinda mapajani kwake mpaka karibu aanguke, anatafuta redio.

Mama akasema, rudia.

Nikarudia.

Rudia.

Baada ya hapo aliketi chini kwenye vumbi la mbao na gauni lake la kanisani, alikuwa anajiandaa kwenda kwaya. Hakwenda. Akamnong'oneza kwa nyuma, redio ikiwa imezimwa, kila kitu kimya: "Tata." Ndivyo anavyomwita, baba. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili akageuka. Akamchekea.

Mama akaniambia, mke wangu, tumekuwa tunampima mtoto kwa kelele, na mtoto amezoea kelele tangu tumboni.

Ndiyo. Ndiyo kabisa. Kwake shhhh ni kama upepo. Nani anageuka kuangalia upepo? Na mgodi ukilipua, nani kati yetu anashtuka? Sisi wote wa Genkuru tungeonekana viziwi mbele ya nesi siku ile. Aliyeruka ni yeye peke yake.

Nimelala kitandani naandika. Nchagwa anakoroma.

Jumatatu, 16 Juni

Tabitha kapiga simu kuuliza hali ya kiziwi. Mama kamjibu, kiziwi ni wewe uliyeambiwa ulete mbuzi tangu Pasaka. Akakata.

Bado nina wasiwasi kidogo, siwezi kusema sina. Upande wa kushoto anageuka haraka. Wa kulia anachelewa. Labda ni mimi nahesabu vibaya. Mashine ya Tarime mjini wacha impime tu, sasa naweza kwenda bila kuogopa sana.

Kiredio nakiwasha mchana kidogo, halafu nazima. Namfundisha kimya. Kuchomelea nafanya akiwa kwa Mama, moshi nao siyo wa mtoto, hilo Tabitha alisema kweli.

Heche alikuja kuona redio yake. Mama kamwambia haijapona. Ilikuwa inaimba nyuma yake.

Alhamisi, 19 Juni

Niko kliniki, kwenye benchi, naandika juu ya goti. Foleni ndefu. Mama kakataa kubaki nyumbani, kavaa viatu vya harusi.

Mlinzi ana redio dirishani, ipo juu sana. Watoto wanalia. Nimemwambia Mama, kwa kelele hii nesi atapiga tena wimbo wake na Nchagwa atatazama ukuta tu, tutaandikiwa vile vile. Mama kasema subiri.

Kaenda kwa mlinzi. Mlinzi anasema bibi shikamoo, lakini kuna taarifa ya habari. Mama anasema marahaba, habari zitakuwepo hata kesho, zima. Wanawake wanacheka. Mlinzi anauliza kwani redio imemkosea nini. Mama anasema haijamkosea mtu, zima uone.

Nchagwa yuko mapajani kwangu, kanipa kisogo, anang'ang'ania kofia ya kalamu.

Mlinzi kazima.

Kaiachia kofia. Kageuka mwili mzima, anatafuta dirisha. Mwanamke wa pembeni yangu kasema, eh, huyu naye. Mama amesimama kule kashika kiuno, anatutazama sote kama kashinda kesi.

Nesi hakuona. Alikuwa ndani na mtoto mwingine. Sasa mlango umefunguliwa, anaita, Nchagwa nani, Nchagwa yuko wapi, sauti yake ya chini ile, na kabla sijainuka Nchagwa kageuza kichwa mlangoni, kamtazama.