Kitambaa cha Maji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia na kwamba barua hii inakukuta una nafuu. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakuulizia, na wifi yako anasema uache ukaidi, ule.

Barua yako niliisoma kazini nikiwa nimesimama. Unasema tangu tumzike Mama hulali, kwa kuwa ulimpoza homa kwa kitambaa cha maji, ilhali mimi niliwahi kukueleza kwenye simu kwamba joto huharibu vimeng'enya vya bakteria, zile protini zinazowafanyia kazi. Umehitimisha kwamba homa ilikuwa ikimtetea, nawe ukaizima. Unakumbuka alivyolalamika kuwa unamsugua kama sufuria lenye masizi, kisha akakuomba uendelee. Sasa hata utani ule umekugeukia sumu.

Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Daktari wake alikuwa ameleta maabarani kwetu bakteria waliotoka katika kidonda cha mguu wa Mama, nami nikaomba niwapime. Bakteria hao hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa aliyokuwa akichomwa, kabla haijafanya kazi. Tunayo dawa ya kupimia, rangi yake manjano. Ikikatwa huwa nyekundu. Niliichanganya na kimeng'enya hicho ndani ya beseni la maji yenye joto la mwili wenye afya, kisha yenye joto la homa ya Mama. Mwenzangu akanitania kuwa nalichungulia beseni la maji kama mzazi anayeogesha kichanga. Kote iligeuka nyekundu, kwa kasi ileile. Ilibaki manjano pale tu nilipokichemsha kimeng'enya kwanza, na joto la namna hiyo, dada, hakuna mwili unaolistahimili.

Ilibaki manjano pia nilipotia dawa ya pili, inayokizuia kimeng'enya hicho. Daktari aliiagiza. Anasema ilifika sisi tukiwa tunatoka makaburini.

Kitambaa chako hakikuwapa bakteria chochote. Kilimpa Mama usingizi.

Lipo jambo moja ambalo si haki nikufiche. Kabla sijaanza kupima nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba majibu yakija kinyume, nitakuandikia haya haya. Mimi, ambaye sijapata kubadili hata tarakimu moja kazini, nilikuwa nimeupanga uongo huo kichwani sentensi kwa sentensi, na sentensi zake zilikuwa nzuri kuliko hizi. Kwa hiyo sitakulaumu ukiishika karatasi hii ukajiuliza unasoma ipi kati ya barua mbili. Usiniamini, dada. Njoo. Nitakuketisha mbele ya beseni, utie matone kwa mkono wako mwenyewe, nami nitasimama mlangoni, mikono mfukoni, mpaka rangi igeuke.

Wifi yako amekwisha kukutandikia kitanda. Wasalimie majirani waliokaa nawe siku zile, na pokea salamu za watoto, ambao bado wanauliza kwa nini Bibi hapigi simu.

Ni mimi mdogo wako,
Mjuaji