Maswali ya Kitindamimba

Haifa, siku ya tatu ya Pasaka

Mdogo wangu Gidon,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini hujambo, na kwamba baridi ya huko Montreal imeanza kulegea. Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kwa kupanda na kushuka kwenda handakini, na Mjomba Nissim anakohoa lakini sigara haachi. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningeanza kujitetea. Binamu yetu Osnat anasafiri Jumanne, atakukabidhi mkononi.

Pasaka tuliifanya. Nyumba niliisugua peke yangu, nikatoa kila chembe ya mkate hata kwenye mifuko ya makoti, maana Pasaka yetu Wayahudi haikai na chachu nyumbani, huku makombora yakipita juu. Mama hakusema ahsante. Alikuwa akifuta bilauri yako. Ndiyo, yako: kila mwaka unawekewa kiti, sahani na bilauri, nawe huu ni mwaka wa sita uko ng'ambo. Mimi ninayemkata kucha naambiwa tu kwamba supu haina chumvi.

Mezani tulikuwa watatu. Ulipofika wakati wa kuimba yale maswali manne, ya kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, tukatazamana. Unajua desturi, huuliza aliye mdogo kuliko wote, hata akiwa na wajukuu. Mama akasema tungoje kidogo, kana kwamba ungebisha hodi. Mjomba akaangua kicheko, akasema, "Basi kitindamimba wa leo ni huyu mwenye mvi. Haya mtoto, imba bwana, tuna njaa!"

Gidon, maswali yale niliyajua kabla wewe hujajua kutembea. Niliyaimba miaka mitatu nikiwa nimesimama juu ya kiti, Baba akinipigia makofi. Kisha ukatimiza miaka minne, ukapewa wewe, ukakosea maneno, na watu wakakubusu kwa kukosea kwako. Nakuonea wivu tangu siku ile. Nina miaka hamsini na moja na bado nakuonea wivu.

Basi nikaimba. Kufika swali la tatu, king'ora kikalia. Tukashuka, Mama kaikumbatia mikate isiyo na chachu, Mjomba kashika chupa ya divai. Handakini majirani walikuwa wamebanana na sahani zao mapajani. Mama akaniambia nimalizie palepale. Nikayamalizia, ukuta unatetemeka, na jirani wa ghorofa ya nne akaitikia kwa sauti mbaya mno hadi watu wakacheka. Mama akanishika shavu, akawaambia, "Mtoto niliye naye ni huyu. Yule mwingine ametusahau."

Neno hilo nimelingoja tangu utotoni, Gidon. Lilipokuja nilitamani ardhi inimeze.

Kwa maana hukutusahau. Wiki tatu zilizopita ulimwandikia Mama kwamba umepata ndege ya kupitia Athens, aseme neno moja tu, uje. Macho yake hayaoni tena herufi, simu yake namsomea mimi. Nilimwambia umesema kazi imekubana. Na lile jibu ulilopata, lililokufanya unune mpaka leo, "Usije, mwanangu, Tirtza ananitosha," Mama halijui. Niliandika mimi, nikafuta yote. Wala nisisingizie makombora, kwamba nilikuhofia. Nilitaka kuwa mtoto wa pekee mezani, japo mara moja.

Sasa yeye hakupigii kwa kuwa anaona haya kumbembeleza mtoto asiyemtaka, nawe humpigii kwa sababu hiyohiyo.

Mpigie mara tu ukisoma hapa. Mwambie yote, usinifichie kosa. Mimi nimejaribu mara mbili tangu asubuhi, na mara zote mbili amenibusu kabla sijafungua mdomo, nikarudi jikoni.

Mjomba anakusalimu sana, na jirani zetu wote. Jifunike vizuri, ule vizuri.

Ni mimi dada yako,
Tirtza