Kompyuta Haipandi Basi

Bombambili,
S.L.P. 1173,
Songea.
22 Julai 2001

Mpendwa kaka Leonce,

Shikamoo kaka. Hamjambo wewe, wifi Pamela na watoto? Joto la Dar limewapungukia? Sisi huku baridi imetukamata, hadi saa nne tumo ndani ya masweta, ila wazima. Mama kikohozi kimemwachia. Ameanza tena kulalamika kwamba chai haina sukari, kwa hiyo jua amepona.

Sasa tuongee. Binamu yetu Valence amenifikishia maneno uliyompa kwenye simu: eti nimeiua kompyuta, niifunge kwenye boksi, yeye aipakie kwenye basi ije uiuze huko. Kaka, nakuheshimu, lakini hilo halipo! Shirika lenu lilipobinafsishwa mkagawiwa vifaa, ukaileta hapa, ulisema mbele ya mama kuwa ni yangu, nichapie watu barua. Ndiyo inayotulisha mimi na yeye. Leo unaninyang'anya kwa neno la Valence, bila hata kuniuliza?

Aliyekwambia imekufa hajui hata inawashwaje. Kompyuta ilikuwa nzima, kilichougua ni kibodi. Nilikuwa nachapa ratiba ya misa ya harusi, mara A haitoki, S haitoki, na kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi kikizama hakirudi. Nikazima, nikachomoa waya, nikachomeka upya. Wapi! Nikaenda kwa Bashiru fundi redio, akaniazima kibodi yake kuukuu. Kuichomeka tu, herufi zote zikatoka. Hapo nikajua ugonjwa uko wapi.

Nikaigeuza ya kwangu, nikafungua skrubu. Ungecheka! Ndani wanga umeganda, na sisimizi wamejaa kama wamealikwa. Kumbe shangazi Kunegunda alinifumia kitambaa cha kuifunikia, akakitia wanga wa muhogo kisimame kama vile vya kwenye makochi. Nilipokuwa kanisani akakitandika kibichi juu ya vitufe, kikaukie palepale kishike umbo. Usimgombeze, alifanya kwa mapenzi, na alipojua alichofanya, hata kula ugali kulimshinda.

Nilichora kwanza kila herufi inapokaa. Kisha nikang'oa vitufe, nikaviosha kwa maji ya uvuguvugu, na ndani nikapangusa kwa spiriti. Vitufe nikavianika kwenye ungo, uani. Ndipo Valence akapita, akaviona vimelala pale, akakimbilia simu. Hakusubiri hata vikauke!

Nimevirudisha, na vyote vinafanya kazi. Usishangae nimekuandikia kwa kalamu. Karatasi za kuchapia ni za wateja, na wewe leo si mteja, ni mshtakiwa.

Kwa hiyo kompyuta haipandi basi. Valence nimeshamwambia, akigusa waya wake nitapiga yowe Bombambili nzima itoke. Na wewe ukiitaka, usitume mtu. Njoo uibebe mwenyewe, umwambie mama uso kwa uso kesho yake atakula nini.

Msalimie sana wifi, na mjomba Kajetani ukimwona. Shangazi anawasalimu, ingawa kwa aibu. Mungu awatunze nyote, na wewe akujalie kusikiliza pande zote mbili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana na nisiyekutii kwa hili,

Getruda