Maji ya Digrii Themanini

Mdogo wangu mpendwa,

Jana saa nne asubuhi fundi wa maabara, yule tunayemwita Miwani, alimwambia meneja mbele yangu kwamba viti havikuvunjika kwa sababu ya makapi. Hukuchanganya plastiki chakavu na mpya. Nimeona nikuambie hilo kabla hata ya salamu.

Hujambo wewe, wifi na watoto? Mimi mzima. Mama anauliza mbona hupigi simu, nami humjibu kwamba umebanwa na shughuli.

Miwani alichukua mguu wa kile kiti kilichomwangusha mwalimu mstaafu, akachana kipande chembamba kama ganda la kitunguu, akakiweka kwenye hadubini. Alieleza kwamba plastiki ni nyuzi ndefu mno. Ikipoa, baadhi yake hujipanga safu safu na kuwa fuwele. Ikipozwa haraka, fuwele hubaki ndogo, na kiti hupinda bila kukatika. Ikipoa taratibu, hukua kubwa. Kiti huwa kigumu, lakini fuwele zinapokutana ndipo ufa hupita. Meneja alichungulia, akasema yeye anaona maua tu. Miwani akamjibu kwamba maua hayo ndiyo yaliyomvunja mwalimu nyonga.

Kisha akauliza nani alipandisha joto la maji ya kupozea kalibu inayofinyanga viti. Meneja akafungua daftari la zamu. Limeandikwa digrii ishirini, kila siku.

Mwandiko ni wangu. Wateja walilalamika kwamba viti vimefifia, nikapandisha maji hadi themanini. Viti vikatoka vinang'aa, nikasifiwa. Uliponiambia vinatoka vya moto mno, nilikujibu ushike yako. Daftarini niliendelea kuandika ishirini, kwa kuwa ndivyo kibandiko cha mashine kinavyoagiza.

Ulipoitwa ofisini nilikuwa mlangoni. Ulinitazama niseme neno. Nilichosema ni kwamba ndoo ya makapi ilikuwa karibu na mashine yako. Ilikuwa hapo kila siku, nami nilijua. Ulipofukuzwa kazi, wenzako walikusindikiza hadi getini wakikuita Bwana Makapi. Sikuwakanya.

Na jana meneja aliponiuliza kuhusu maji, nilisema nitaangalia. Usiku sikulala. Leo nimempelekea karatasi yenye haya yote, na sahihi yangu. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Mama anakusalimu, bado hajui. Msalimie wifi, uwabusu watoto.

Kikao ni Alhamisi, saa tatu kamili, chumba cha mikutano. Nimeomba uitwe. Karatasi nitaisoma mwenyewe.

Dada yako