Mabega ya Baba

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Natumaini u mzima, na mama miguu yake imepoa. Mimi napumua. Usishangae mwandiko, vidole vimekataa hata kufunga kifungo cha shati, sembuse kushika kalamu.

Vilianza kukaza asubuhi, kama kamba iliyolowa. Zahanati wakasema ni baridi yabisi, wakanipa vidonge. Nikameza, wapi. Ajabu ni kwamba mwili ulikonda huku mabega yakinenepa. Hapa ghalani nyapara huchagua wachukuzi pale langoni kwa kutazama mabega tu, basi nikawa naitwa wa kwanza. Wenzangu wakanibatiza Bondia, wakauliza nakula nini kwa siri. Nikacheka nao. Lakini nikijigusa palikuwa pagumu kama mpira, hapabonyei, kana kwamba kuna mtu amelala chini ya ngozi yangu.

Gunia liliponiponyoka nikapelekwa hospitali kubwa. Daktari, mama mtu mzima, aliniambia nivue shati, akanibonyeza mabega. Kisha akasema baridi yabisi haimjengi mtu mabega. Akakata kinyama begani, wakakipaka rangi nyekundu, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Akageuza kioo cha taa. Ile nyekundu ikawaka kijani, kama macho ya paka gizani. Akaeleza kuwa ni protini iliyoharibika, inajilundika kwenye viungo, mwisho huingia moyoni. Akauliza nani mwingine kwetu ana mabega haya.

Hapo nikamkumbuka baba. Nilimwona kwenye jeneza: uso umekwisha, mikono mikavu, na yale mabega yaliyozuia kifuniko kisifungike. Watu walisema amekufa na nguvu zake.

Damu yangu ilipopimwa, ikaonekana ni ugonjwa wa kurithi. Nimeanzishiwa dawa ya kuuzuia usisonge mbele. Nilichokwisha kupoteza hakirudi.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Picha uliyonitumia nilikuwa nimeibandika juu ya kitanda. Nimeigeuzia ukutani, siwezi kuitazama. Mashavu yako yamekwisha. Nyuma yake umeandika kwa furaha kwamba mabega ya baba yamekufikia na wewe, na kwamba vidole vinauma asubuhi, eti ni baridi tu.

Si baridi. Mama usimsomee haya. Nenda hospitali, vua shati, wasimulie habari za baba, na usikubali vidonge kabla hawajakukata kinyama na kukipaka ile rangi nyekundu.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Jibu upesi, hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi kaka yako,
niliyekuwa nikikubeba mabegani.